Kazi ya Mgonjwa: Amestaafu

"Soma! Soma kwa sauti, kenge wewe!"

Karatasi ya kliniki ya macho ilimpiga kijana usoni, na ngumi ya baba yake ikafuata. Mdomo ukapasuka.

"Kazi ya mgonjwa: amestaafu," akasoma, damu ikidondokea maandishi.

"Nani kastaafu? Lini? Mbona mwenyewe sikualikwa?"

"Baba, nilikuonea huruma tu..."

"Huruma!" Nyundo ikaruka, ikapasua kabati la vioo. Saa za wateja zikamwagika sakafuni.

Miaka thelathini mzee huyu, fundi saa, alikuwa haoni mbali. Mtu akisimama ng'ambo ya barabara, kwake ni kigingi. Lakini karibu, we acha tu! Anavua miwani yake mizito, anabandika pua kwenye saa, na skrubu ndogo kama yai la chawa anaiona kubwa kama sufuria. Lenzi za mafundi wenzake aliziita magongo ya vilema.

Basi pikipiki ikamkosakosa, mwanawe akamkokota kwenda kupigwa leza ya macho. Mzee yuko chumba cha pili anatiwa matone, daktari akauliza, huyu anafanya kazi gani? Kijana akajibu chapuchapu, kama aliyekariri.

Leza haikuwa na kosa. Siku hizi fundi anahesabu kunguru kwenye waya wa mtaa wa pili. Ila skrubu imegeuka ukungu, na asubuhi hii bisibisi imemteleza, ikakata springi ya saa ya mteja. Akarudi kliniki anafoka. Daktari akamtolea fomu. "Mzee wangu, kwa umri wako, tukinyoosha mbali, karibu kunapotea. Ningejua unashika vitu vidogo, ningekushauri tuache hata jicho moja lilivyokuwa."

"Si uvae miwani ya kusomea!" kijana akapiga kelele. "Hiyo hapo mezani! Wenzako wote wanavaa!"

"Uliitaka meza yangu! Uuzie makava ya simu! Sema hapana!"

Kijana hakusema hapana.

Mzee akamrukia. Wakaenda chini wote wawili, vioo vikiwachana migongo. Kijana akapiga kiwiko, ubavu wa baba ukalia ko! Mzee akashika koleo, akamtandika nalo juu ya nyusi, akalinyanyua tena. Akamvuta shati hadi pua zikagusana, kama anavyovuta saa. Hakuona kitu. Uso wa mwanawe ulikuwa ukungu mtupu. Ikabidi amsukume, urefu wa mkono mzima, ndipo ukatokea: damu, kamasi, machozi.

Koleo likabaki juu.

"Ningekupasua kichwa," akahema, "na nisione nilipopasua. Toka."

"Baba..."

"Toka! Nikikuona tena kwenye meza hii, nakuzika!"

Kijana akainuka, akaweka ufunguo wake mezani, kando ya miwani. Mzee alishapiga magoti, anapapasa skrubu katikati ya vioo, vidole vinavuja damu. Kijana akainama kumsaidia. Koleo likampitia sikioni, fyuu, likagonga ukuta.

Akatoka. Hatua tatu, sauti ikamfuata ileile ya miaka yote:

"Mlango! Vumbi linaingia kwenye saa!"

Akarudi, akaufunga.