Ng'ombe wa Nyabweke

Wegesa alikuwa akipepeta mtama alipomwona mkamwana wake, Esta, anarudi kutoka njia ya kisimani na ndoo tupu.

"Maji yamekauka?"

"Sikufika, mama. Karatasi ya majina ya ukoo imebandikwa ofisi ya kijiji. Mwanangu Boniphace hayumo."

"Umeisoma vizuri?"

"Mara tatu. Mpaka kichanga cha Pastory, kinachonyonya, kimo."

Wegesa akautua ungo taratibu. Waliomjua walijua kwamba akitua kitu taratibu namna hiyo, afadhali angekirusha.

Pale Guta hakuna asiyemjua Masatu, yule shujaa aliyekuja na mitumbwi minane kutoka visiwani, akavuka ziwa usiku na mchana, akawapiga waliompinga, akateka ng'ombe wao, akaushika ufuo. Habari zake zilikaa midomoni mwa watu, hazikuhitaji karatasi. Lakini mwaka ule wa tisini na tatu biashara ilikuwa imefunguliwa, na kampuni moja ya samaki ilitaka ufuo ili ijenge pa kupokelea sangara. Ikasema itazungumza na kizazi cha Masatu tu, walioandikwa. Kila aliyeandikwa angepimiwa kipande chake na kupewa hati yenye mhuri wa Bunda. Asiyeandikwa angehama.

Na nyumba ya Wegesa ilikuwa hapo hapo ufuoni.

Marehemu mumewe, Rafaeli, alimwachia mabinti wawili, mmoja akaolewa Kabasa, mwingine Musoma mjini. Mtoto wa kiume hakujaliwa. Ndipo Wegesa akatoa ng'ombe wanane wake mwenyewe, akamwoa Esta awe mke wa mwana asiyekuwapo, kama wanawake wa Mara wanavyofanya nyumba inapokosa mwana. Ndoa hiyo huitwa nyumba ntobhu. Esta akamzaa Boniphace, na mtoto akawa wa nyumba ile, mjukuu wa Rafaeli. Alikuwa sasa na miaka ishirini na sita, mvuvi mwenye mitumbwi yake miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza katoka wapi. Wameuliza siku ardhi ilipopata mnunuzi.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, ukoo ulikutana katika darasa la shule. Mzee Wenceslaus, mkubwa wa ukoo, alikalia kiti cha mwalimu. Pastory, mtoto wa mdogo wake Rafaeli, alisimama ubaoni. Alikuwa karani kwenye kiwanda cha pamba mpaka walipopunguza watu, na sasa alikuwa wakala wa ile kampuni. Mkononi alishika karatasi mbili.

"Hii moja ni ya kwetu," alisema. "Hii nyingine nilipewa na Mdenmaki mmoja, fundi wa boti pale Musoma. Ni ukoo wa shujaa wa Vaikingi. Hao walikuwa watu wa mashua huko kwao kwenye baridi, walivamia pwani za watu kama Masatu wetu. Majina ishirini na mawili, baba kwa mwana, yamenyooka kama mshipi wa ndoana. Nikasema, na sisi tunyooke hivi."

"Na mama zao?" Wegesa aliuliza kutoka dawati la nyuma.

"Hawakuandikwa, mama mkubwa."

"Basi hao walizaliwa na mashua."

Watu wakacheka. Pastory hakucheka.

"Tuache utani. Damu ni damu. Boniphace nampendaga sana, lakini baba yake nani? Esta ndiye anayejua, kama anajua. Mtoto wa nyumba ntobhu si damu ya Masatu. Naapa kwa ng'ombe wa Nyabweke, kiapo cha ukoo wetu, sina chuki naye."

Esta aliinamisha kichwa. Boniphace akainuka, dawati likaanguka nyuma yake.

"Kaa," Wegesa akamwambia.

"Bibi, amemtukana mama yangu mbele ya watu."

"Nimesikia. Kaa."

Akakaa. Wegesa aliukumbuka mwaka wa themanini na tatu, maduka matupu, watu wanafulia majani ya mpapai. Pastory alikuja kutoka Bunda na wanawe wamebaki macho tu. Aliwalisha miezi saba, uji asubuhi, na jioni samaki aliovua Boniphace, naye alikuwa na miaka kumi na sita tu. Samaki wale Pastory hakuwauliza damu.

Akasimama.

"Kitendawili."

Baadhi ya wazee wakaguna, lakini akina mama wakaitika, "Tega."

"Alikufa hajaota ndevu, leo wajukuu zake wamejaa darasa zima."

Wakajaribu. Mmoja akasema ni mhindi shambani, mwingine akasema ni mbegu ya boga. Mwisho wakashindwa.

"Nipeni mji."

"Chukua Butiama," akasema Mzee Wenceslaus, akitabasamu.

"Asante, shemeji, umenipa mji wenyewe. Wewe ndiye unayetuimbia wimbo wa ukoo kila tukizika. Wimbo unasema nani alizama?"

"Ryoba, mwana wa Masatu."

"Akiwa na umri gani?"

"Kijana. Hajaota ndevu, hajao…" Tabasamu likamtoka mzee usoni.

"Alikuwa na ndugu?"

"Hakuwa na ndugu."

"Pastory, mwanangu, tusomee karatasi yako."

"Masatu akamzaa Ryoba," Pastory akasoma. "Ryoba akamzaa…"

"Endelea. Maiti alimzaa nani?"

"Machage," akasema kwa sauti ndogo.

"Machage, babu yenu nyote mliomo humu. Sasa sikilizeni nilivyofika Butiama. Nimelikuta zizi la kina Gati. Nimewakuta ng'ombe wa Nyabweke wamefungwa pale, mahari. Nyabweke alikuwa mjane wa Masatu. Mwanawe wa pekee alikuwa chini ya maji. Akatoa ng'ombe, akamwoa binti wa zizi hilo, Gati, kwa jina la Ryoba, na Gati akamzaa Machage. Baba wa Machage hakuna anayemjua, na hakuna aliyeuliza. Mama mkwe wangu alinieleza haya siku niliyomleta Esta. Mnaapa kwa ng'ombe hao tangu mnajifunza kusema, na hamjauliza walikwenda wapi. Ukimfuta Boniphace, jifute na wewe. Futeni wote. Ufuo tuwaachie mamba."

Mzee Wenceslaus alivua kofia, akaiangalia ndani kama kuna kitu kimeandikwa humo.

"Mwandike," akamwambia Pastory.

"Nitaandika, mzee. Kesho nikifika Bunda nitapiga chapa upya."

"Kesho nitakuwa nimekufa," Wegesa akasema. "Andika hapa nione. Anza na Nyabweke. Halafu Gati. Halafu mimi, Esta na Boniphace."

Akamsimamia begani. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, akafuata kila herufi kwa kidole. Gati alipoandikwa pembeni kwa herufi ndogo, akamwambia afute, aandike katikati. Pastory akafuta. Mzee Wenceslaus akatia sahihi chini, na akina mama wawili wakaweka dole gumba.

Jioni Pastory alikuja nyumbani, akasimama mlangoni.

"Mama mkubwa, nilikuwa sijui."

"Ulikuwa hujui ya Nyabweke. Ya Esta ulijua unalosema. Kamwambie yeye."

Esta alikuwa jikoni, anakoroga uji. Pastory alizunguka nyuma ya nyumba, na Wegesa akamsikia anasema maneno yake polepole. Esta akaendelea kukoroga.

Uji ulipoiva vikombe vilikuwa vitatu tu, cha Wegesa, cha Esta na cha Boniphace.