Gari la Mwenyekiti wa Maji

Jumanne moja ya mwezi wa tano, saa mbili asubuhi, fundi Pantaleo alitandaza uani kwake, nje kidogo ya Katindiuka, turubai la kuanikia mpunga. Akapanga juu yake injini ya gari la michezo la Kiingereza, kipande baada ya kipande, kwa mpangilio ule ule aliofungulia. Gari lenyewe lilikaa kwenye banda la mbuzi: jekundu, viti viwili, paa halina. Mwenye gari ni Evod, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kitongoji. Gari lisilo na paa, Ifakara, na masika yetu haya! Haya bwana.

Evod alilipata mwaka juzi, wiki ile ile pampu ya kisima ilipopelekwa Morogoro kutengenezwa. Tangu hapo wanawake wanachota mtoni Lumemo, na mamba wa Lumemo hawana kamati. Mwaka jana mmoja alichukua mguu wa kulia wa Odilia, dada wa mke wa fundi, Theodosia. Evod alikuja kutoa pole, akala wali, akaomba na ukoko.

Saa sita mvua ikashuka. Fundi alikuwa amekwenda karakana ya misheni kuazima spana za inchi. Theodosia akafanya anachofanya kila mwanamke wa bondeni mvua ikimkuta ameanika: akazoa vyote vilivyokuwa kwenye turubai, akavimimina guniani, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba.

Fundi aliporudi alifungua gunia, akachungulia.

"Mama Kelestini, umechanganya pistoni na boliti."

"Ulitaka vinyeshewe? Mpunga nao hauna mpangilio, na tunakula."

Fundi akaiunga injini kwa kupapasa, siku tisa. Chini kabisa ya gunia alikuta valvu ya shaba ambayo hakuifungua yeye. Ilikuja kwenye boksi la vipuri alilopewa na Evod. Aliijua vizuri, maana jina la kitongoji juu yake aliligonga mwenyewe kwa patasi siku kisima kilipozinduliwa. Kati ya kabureta mbili kulikuwa na nafasi yake. Ikaingia bila nyundo, akaifunga.

Injini ikawaka mara ya kwanza. Bomba la moshi likatoa maji, safi, ya baridi, ndoo moja kila dakika. Petroli haikupungua. Theodosia akaonja.

"Ya kisima chetu," akasema, akaenda kuleta ndoo.

Kufikia mchana foleni ilikuwa imefika kigangoni. Wanawake waligombania nafasi kama zamani. Odilia alikaa mbele kabisa juu ya ndoo yake, magongo mapajani, na hakuna aliyethubutu kumsogeza. Wiki nzima hakuna aliyeshuka Lumemo.

Siku ya nane Evod akaja na shati jipya la kitenge.

"Shikamoo, mzee Pantaleo."

"Marahaba. Nimeikuta valvu ya kisima kwenye boksi lako."

Evod akayatazama maji yakijaza ndoo.

"Ile iko Morogoro, mzee wangu. Pampu nzima iko Morogoro. Barua ipo."

"Na haya maji?"

"Hiyo ni hitilafu, utanirekebishia nikirudi. Leo nina kikao Mlimba. Kikao cha maji."

Akapanda, akafunga mkanda, akaondoka. Maji yakamwagika nyuma yake njia nzima. Wanawake wakatoka mbio na ndoo, wakikinga walichoweza, wakipiga kelele apunguze mwendo, mwanaharamu yule. Evod akawapungia mkono, akidhani wanamshangilia. Kufika njia panda, aliyepata mengi alikuwa na lita tatu.

Odilia hakukimbia. Aliinuka, akajitwika ndoo, akayaweka magongo sawa.

"Dada, subiri kwanza!" Theodosia akamwita.

"Nisubiri nini? Barua?"

Akashika njia ya Lumemo.