Sentensi Bora ya Wiki ya S

Katika darasa la awali, kila wiki ilikuwa na herufi yake. Jumatatu mwalimu alimwaga mezani kikapu cha vitu. Wiki ya K vilikuwa kijiko, kitana, kufuli na kandambili moja iliyopoteza mwenzake. Watoto walishika, wakataja, wakagombania. Ijumaa kila mmoja alikuja na sentensi aliyoitunga nyumbani, yenye maneno yasiyopungua matatu ya herufi hiyo. Wazazi walimsifu mwalimu mpaka akaona haya.

Miongoni mwa watoto hao alikuwemo Kidoti, binti wa fundi cherehani. Zamani fundi huyo na mwalimu walikuwa mashoga wa kuazimana kanga. Fundi ndiye aliyemshonea mwenzake gauni la harusi, akampima kiuno huku akimsifia bwana harusi, mpima ardhi mwenye ulimi wa asali. Ndoa haikumaliza miaka mitatu. Mpima ardhi alihamishia nguo zake kwa fundi, Kidoti akazaliwa huko, na mwalimu akabaki na kitanda kikubwa na aibu ya kuonyeshewa vidole.

Kidoti alipoandikishwa, mwalimu mkuu alimwita mwalimu ofisini na kumuuliza kama ataweza.

"Mtoto hana kosa," alijibu.

Alisema kweli. Alimpenda Kidoti. Ila kile kidonda kilikuwa hakijafunga, na kwa mihula miwili alikuwa akingoja kitu asichokijua.

Ijumaa ya wiki ya S, Kidoti alisimama, akafunga mikono nyuma, akasema kwa madaha, "Baba anaficha simu ya siri ndani ya soksi, sandukuni."

Wenzake wakahesabu kwa vidole: simu, siri, soksi, sandukuni. Manne! Wakampigia makofi.

Mwalimu alikaa kitini taratibu. Simu ya namna hiyo aliijua. Enzi za ndoa yake ilikaa ndani ya buti la mvua la mumewe, na siku alipoipokea, sauti iliyosema "mpenzi" ilikuwa ya fundi cherehani.

"Nani amekusaidia kutunga?"

"Nimetunga mwenyewe. Baba aliniambia nisiseme, ni siri. Nikaona siri inaanza na S."

Angeweza kumwambia atunge nyingine. Badala yake alichukua kalamu nyekundu, akaiandika sentensi ile daftarini kwa mwandiko wake mzuri kuliko yote, akaichorea nyota. Chini yake akaongeza: *Sentensi bora ya wiki. Mama amsikilize akisoma, kisha atie sahihi.*

"Msomee mama," alisisitiza. "Baba hatii sahihi."

Jumamosi na Jumapili alifua, akapika, akajikuta anaimba.

Jumatatu fundi alikuja mwenyewe, macho yamevimba, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Aliliweka daftari mezani. Sahihi ilikuwepo, imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.

"Ulijua unachofanya," alisema.

"Mimi nafundisha herufi. Maneno yametoka nyumbani kwako."

"Ungeniita pembeni, dada. Kwa nini umemtumia mtoto?"

"Wewe mimi uliniita pembeni?"

Fundi alivua tepu shingoni, akaikunja. Alisema amemfukuza mumewe, na Kidoti atamaliza wiki hiyo kisha atahamia shule nyingine.

Jumatano alasiri mpima ardhi alibisha hodi kwa mwalimu, sanduku mkononi. Aliomba hifadhi ya siku mbili tatu, kwa ajili ya yale ya zamani. Mwalimu alimtazama kuanzia kola chafu mpaka viatu, bila haraka, maana miaka saba alikuwa ameiona picha hiyo kichwani tu. Kisha akafunga mlango, akazungusha ufunguo mara mbili ili ausikie. Chakula cha siku ile alikila kwa hamu mpaka akaongeza sahani.

Ijumaa, wenzake wakiwa wameshatoka, Kidoti alibaki akikusanya penseli zake.

"Mwalimu, sentensi yangu ilikuwa mbaya?"

"Ilikuwa nzuri."

"Mbona mama analia, na baba hayupo?"

Mwalimu alipiga magoti, akaanza kumfunga vifungo vya sweta. Kwa yule mwanamume hakujuta hata chembe, wala kwa yule shoga yake. Lakini mtoto alikuwa amesimama pale akingoja jibu. Alikosea kifungo, akafungua vyote, akaanza upya. Alikuwa bado kwenye kifungo cha pili fundi alipoita kutoka getini, na Kidoti akakimbia.