Punda Katikati ya Theluji

Moliehi alikuwa ameshuka nusu ya mlima kwa vibao vya kutelezea vilivyofungwa miguuni, katika mashindano ya kupata nafasi ya kufundisha watu kuteleza kwenye theluji, alipomwona mjomba wake Sekhonyana mbele yake. Mzee alikuwa akivusha punda aliyebeba unga wa mahindi, na punda alikuwa amegoma katikati ya njia.

"Mjomba, toka hapo!"

"Huyu hataki!" Sekhonyana alipiga kelele, akivuta kamba kwa mikono miwili.

Theluji yenyewe ilikuwa ukanda mwembamba uliomwagwa na mashine, na pembeni kulikuwa na mawe matupu. Moliehi hakuwa na pa kupita. Alijitupa kwa ubavu akaburuzika, barafu ikimchubua shavu, mpaka ncha za vibao vyake zikagusa kwato za punda.

Mzee alilivuta blanketi lake mabegani. "Mwanangu, hivyo vibao havina breki?"

"Breki ndiyo hii, mjomba," Moliehi alisema, akijipapasa nyonga.

Mwamuzi wa mashindano alilifuta jina la Moliehi kwa kuwa hakufika mwisho. Alilia kidogo, kisha akasaidia kumsukuma punda.