Kivuli cha Sikuzani Kimekwenda Amerika

"Mtu akishasomewa khitma amekufa. Yamekwisha."

"Yamekwisha vipi? Na kile kivuli ukutani kwako cha nani?"

"Cha mtoto."

"Cha mtoto ni kile kidogo, Alawi. Mimi nakuuliza kile kikubwa kilichomshika mkono."

"Ukuta ni wangu. Usiniulize mambo ya ukutani kwangu."

"Kaka yangu yule! Bega lile nalijua tangu utoto."

"Kaka yako yuko kwa Mola wake. Wali wa tanga lake ulikula wewe, tena ukaramba sahani."

Mwanvita alikuwa uani, kakalia mbuzi anakuna nazi, na hakunyanyua uso. Waliokuwa wakirushiana maneno barazani ni mumewe Alawi, mchoma chokaa wa njia ya Kaole, na Majaliwa, mdogo wake Pazi. Pazi ndiye mume wa kwanza wa Mwanvita, yule aliyekufa akiwa hai.

Kufa kwenyewe kulikuwa hivi. Wakati wa vita vya Hitla, Pazi alikuwa anatia makaa melini. Ikaja habari kwamba meli imezama na watu wake wote wamekwenda na maji. Maiti haikuwapo, lakini hilo halikumshinda mtu. Akaswaliwa kwa mbali, khitma ikasomwa, Mwanvita akakaa eda mpaka ikaisha. Binti yao, Sikuzani, alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Baadaye Alawi akaja kuposa. Hakuja kwa ujanja. Alikuja mchana kweupe na wazee wake, akaozwa mjane. Wakazaa watoto wawili wa kiume.

Halafu akatokea baharia mmoja wa Kingazija na salamu. Pazi aliokotwa na meli ya Wamarekani, yuko Nyuyoki, anafanya kazi bandarini. Wazee wa mtaa walimkaribisha yule baharia, wakampa kahawa na halua, kisha wakamsindikiza mpaka Zinga asije akaongea na mtu njiani. Salamu wakazimeza wenyewe. Mwanamke keshaolewa, watoto hawa hapa, ya nini kumfufua mtu?

Kwa hiyo Mwanvita hakujua lolote mpaka kivuli kilipoondoka.

Ilikuwa mwaka hamsini na nne, magharibi inakaribia, na Sikuzani alikuwa anaanua nguo. Vivuli vyote uani vilikuwa vimelala kuelekea baharini. Huko Amerika ilikuwa asubuhi, na Pazi akanyanyua mkono akaapa kuwa Mwamerika. Kivuli cha Sikuzani kikageuka, kikalala kuelekea bara, kikavaa koti.

Sheria ya kule ndivyo ilivyo. Baba akiapa, mtoto wake aliyezaliwa ugenini naye anaingia, ilimradi anaishi kule na baba yake kabla hajatimiza miaka kumi na sita. Sheria ilipofika Bagamoyo ikakuta mwili uko huku. Ikachukua kilichochukulika.

Toka siku hiyo Sikuzani akawa hana kivuli asubuhi, maana kule ni usiku. Kinamjia alasiri, kirefu, na jua likishazama na vivuli vya watu vikienda zao, chake kinabaki kimesimama ukutani hata taa haijawashwa. Kilikuwa na kofia ya kuziba masikio. Watu wakazoea. Bi Adija jirani aliuliza tu kama kule kuna baridi. Akaambiwa ipo.

"Basi mpakeni mtoto mafuta," akasema, akaendelea kupepeta.

Mwanvita alikuwa akiumia Jumapili, siku ambayo Pazi haendi kazini. Jumapili ya kwanza kivuli cha pili kikaja ukutani, cha mtu mzima, bega la kushoto limeshuka kwa kubeba magunia ya chumvi ujanani. Kikamshika mkono yule mdogo. Mwanvita alikuwa ameshika bakuli la mchuzi. Hakuliangusha. Alisimama nalo mpaka mchuzi ukapoa.

Alawi akapaka ukuta chokaa, kwani chokaa anayo. Juu ya chokaa mpya vivuli vikaonekana vizuri kuliko kwanza. Na Sikuzani, ambaye baba yake hamkumbuki hata sauti, akawa kila Jumapili ananyoosha mkono mahali pale palipo na mkono wa baba yake. Akiuondoa, kiganja cheupe.

"Mwezi wa Rajabu Sikuzani anatimiza kumi na sita," Majaliwa akasema pale barazani. Sasa sauti imeshuka. "Nimetoka Dar, kwenye ofisi inayoshughulika na mambo ya Amerika. Meli kaka keshalipia. Wanachotaka ni mama mtu aende akaape kwamba baba wa mtoto ndiye yule, na yu hai. Mimi hawanitaki, mimi ami tu."

"Akiapa kwamba yu hai, mimi nani? Miaka yote hii nalala na mke wa mtu?"

"Ulioa kwa nia njema. Kadhi atasema watoto ni wako. Kaka atatoa talaka, shemeji atakaa eda, mtaoana upya."

"Kadhi atasema hivyo. Na kisimani watasemaje? Wanangu wataitwaje?" Alawi alikuwa hana hasira tena, na hilo ndilo lililomtisha Mwanvita kule uani. "Sikiliza, Majaliwa. Mimi yule mtoto nimemlea, simnyimi safari yake. Mama yake aende akaseme atakalo. Lakini siku akisema yule yu hai, mimi nachukua wanangu naondoka. Sioi mwanamke mmoja mara mbili."

Mwanvita akaichukua nazi nyingine akaivunja.

Walikwenda, Mwanvita na Sikuzani, Majaliwa akiwaongoza. Asubuhi ya safari, Mwanvita alipotoka chumbani, alimkuta Alawi keshawavalisha watoto kanzu zao za Idi na mkeka wao umekunjwa umesimamishwa mlangoni. Alawi alimwambia "safari njema", basi.

Basi lao likapasuka gurudumu Kerege, wakangoja barabarani mpaka jua la utosi. Sikuzani alikuwa kavaa gauni jipya.

"Mama, utasema?"

"Nitasema."

"Utasema yu hai?"

"Si nimekwambia nitasema? Funga vizuri kilemba chako, vumbi hilo."

Na kweli alikuwa na nia ya kusema. Aliirudia njia nzima kimoyomoyo, kama mtu anayejifunza sura fupi.

Waliingia ofisini alasiri. Palikuwa na Mzungu mmoja nyuma ya meza na karani wa Kiswahili pembeni yake.

"Shikamoo, mama," karani akasema.

"Marahaba."

Kivuli cha Sikuzani kikaangukia juu ya meza, na koti lake na kofia. Siku ile haikuwa Jumapili, lakini Pazi hakwenda kazini. Kivuli chake kikaja pia, kikasimama nyuma ya mwanawe, bega limeshuka. Mzungu akasogeza karatasi zake upande wa dirisha apate kusoma.

Karani akatafsiri. "Unaulizwa, mama. Pazi bin Mwinyijuma, baba wa huyu mtoto, yu hai au amekufa?"

Majaliwa akakohoa. Sikuzani alikuwa anamtazama mama yake mdomoni. Mwanvita aliyatazama yale maneno aliyojifunza njia nzima, yote yalikuwapo. Kisha akauona ule mkeka umesimama mlangoni.

"Amekufa," akasema. "Tulimsomea khitma."

Karani hakutafsiri mara moja. Aligusa meza kwa kidole, pale penye bega.

"Mama, si huyu hapa?"

"Hicho kivuli."

"Ndiyo, mama. Na kivuli hakiapi."

Akatafsiri. Mzungu akaandika, akaeleza taratibu ili karani asiache kitu. Kivuli hakina tatizo lolote. Kinaishi kule, kinaishi na baba yake, na kiliingia kabla ya miaka kumi na sita. Ni Mwamerika kamili na hakuna wa kukiondoa. Ila binti mwenyewe, kwa kuwa baba yake ni marehemu, hana wa kumfuata. Akasema anasikitika, na alionekana anasikitika kweli.

Juu ya meza, kivuli kikubwa kikavua kofia.

"Shemeji," Majaliwa akasema wakiwa nje. Alibaki Dar.

Rajabu ikaingia, Sikuzani akatimiza miaka yake, na hakuna kilichobadilika. Mkeka ulitandikwa tena mahali pake. Wazee waliokunywa kahawa na baharia walimpitia Alawi wakamwambia mke wake ana akili. Kivuli nacho kiliendelea na mambo yake. Siku za kazi alasiri kilikuja na vitabu kwapani, kina haraka, na Sikuzani alikuwa analazimika kusimama uani kukingoja kimalize kuvuka barabara za huko ndipo na yeye aende sokoni.

Siku moja Mwanvita alikuwa anamwosha mtoto mdogo miguu kwenye kizingiti. Sikuzani akaja akasimama mbele yake.

"Mama, nipe pole."

"Ya nini, mwanangu?"

"Nimefiwa na baba."

"Sikuzani."

"Khitma ya kwanza nilikuwa mdogo, hakuna aliyenipa pole. Hii ya pili nilikuwepo."

Mwanvita akaushika mguu wa mtoto, maji yanachuruzika. Bi Adija ng'ambo ya ua aliacha kupepeta.

"Pole, mwanangu."

"Nishapoa," Sikuzani akasema. Akageuka, akaenda zake.