Mwambie Mama Yako

Nilimkumbatia baba mkwe wangu mara moja tu, nikajuta miaka miwili.

Mimi ni Mkisii wa Nakuru. Nimezaliwa huko, nimesomea huko, na kwetu mtu akikupokea unamkumbatia, mambo yamekwisha. Basi siku Bosire aliponileta kwao kama mkewe, huku Kisii, juu ya Masimba, nilimwona mzee mrefu mwenye koti zito amesimama kando ya shamba la majani chai, na sura yake ni ya mume wangu mtupu. Nikamwendea mbio nikamkumbatia. "Baba, nimefurahi," nikamwambia. Mzee Machogu akakauka kama nguzo. Kisha akarudi nyuma hatua tatu, akageuka, akaenda zake shambani. Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi waliacha kumenya, wakanitazama.

Mama mkwe wangu, Mong'ina, alinivuta jikoni akanieleza. Jambo hili linaitwa chinsoni. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani, hawaambiani ya moyoni, hawali pamoja, na mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa hata mvua inyeshe vipi. "Ni heshima, mama," alisema. Nikaitikia kwa kichwa, lakini moyoni nikauliza: heshima gani hii ya kumkimbia mtu?

Miaka miwili ikapita hivyo hivyo. Kila asubuhi mzee akikaribia nyumba yetu alikohoa kwa nguvu pale kwenye ua, nami nikajua ninafukuzwa, naingia ndani naubamiza mlango. Hata nilipojifungua, alituma jina tu: mtoto aitwe Gesare, kama marehemu mama yake mzee. Kunipongeza, wapi! Na akitaka kumbeba mjukuu, lazima nimlaze mkekani kwanza, nisogee kando, ndipo amchukue. Kutoka mikononi mwangu hampokei, kama vile nina upele.

Mwezi uliopita nikachoka. Nikamwambia Bosire, anayeuza mbegu na mbolea Keroka, atutafutie nyumba huko mjini, la sivyo ninarudi Nakuru na mtoto wangu. "Baba yako hanipendi," nikamwambia, "na mimi sikai mahali nisipopendwa." Bosire hakubisha. Alipata vyumba viwili, tukapanga kuhama Jumapili.

Ijumaa mchana, Mong'ina akiwa jikoni kwake anapika chakula cha Sabato ya kesho, mimi nilikuwa ndani nakunja mashuka ya safari. Gesare alikuwa mkekani nje. Nikasikia kikohozi. Mara hiyo sikuubamiza mlango, maana mikono ilikuwa imejaa. Mzee akamchukua mtoto, akaketi kwenye kigoda chini ya dirisha langu, akaanza kuongea naye.

Mwanzoni sikutilia maanani. Kisha nikasimama. Mzee alikuwa anaongea Kiswahili.

Mzee Machogu haongei Kiswahili nyumbani. Kiswahili chake ni cha chifu na cha karani wa chai. Na mtoto wa miezi minne hajui lugha yoyote. Katika boma lote, mtu ambaye Kikisii chake kinachechemea ni mmoja tu.

"Mama," alimwambia mtoto, "ambia huyo mama yako mimi siko na hasira na yeye. Nikikohoa, si kumfukuza. Nampatia nafasi ajifunge leso. Yeye anagonga mlango tu! Na ile siku nilirudi nyuma kwa sababu yeye ni msichana yangu sasa. Msichana yako akiwa mkubwa, huwezi kumshika. Lakini ambia yeye..." Kisha akaongea naye kama mama yake mwenyewe, mwenye jina hilo. "Wewe, mama, ulikufa mimi nikiwa mdogo, sijaingia hata shule. Tangu hapo hakuna mtu alinikumbatia. Mimi na Mong'ina hatufanyangi hiyo mambo. Miaka sitini, mama. Halafu huyu anatoka Nakuru, ananishika hivi, mbele ya watu. Nilienda kwa majani chai nikalia. Ambia yeye asiende Keroka."

Nikaketi kitandani na mashuka yangu. Nililia kwa aibu, nikalia kwa hasira pia. Miaka miwili yote mzee huyu alikuwa anangoja mjumbe wake azaliwe!

Nikasogea dirishani bila kutoa kichwa.

"Gesare," nikasema, "mwambie babu yako nimesikia. Mwambie nampenda. Mwambie hatuhami."

Nikasikia kigoda kikisogea. Nikadhani labda nimevuka mpaka tena.

"Mama," mzee akasema hatimaye, "ambia yeye ni sawa."

Akamlaza mtoto mkekani, akakohoa mara moja, na nikasikia hatua zake zikielekea shambani. Nikatoka, nikamwinua Gesare. Alikuwa bado na joto la kifua cha mzee, na shali yake inanukia moshi na majani chai. Nikamkumbatia mpaka akaanza kulalamika.