Ukurasa wa Kushoto

Sijui mtu aliyepanga kurasa za ile sonata alikuwa na ugomvi gani na watu. Ni muziki wa zaidi ya miaka mia mbili, wa kupigwa na watu wawili kwenye piano moja. Binti yangu Anitha aliniletea fotokopi yake. Mwenzake Audrey alikuwa amevunjika mkono, na onyesho la wanafunzi lilikuwa baada ya wiki tatu. Mwalimu alisema asipopata mwenzi, nafasi yake atapewa mwingine.

"Dad, utaweza?" akaniuliza.

Tangu aje huku ughaibuni kutoka Tukuyu mwaka tisini na sita, hakuwahi kuniomba kitu kikubwa kuliko nauli ya basi. Kichwa kikanivimba. Nikamwambia mimi Gwakisa nilikuwa mpiga kinanda wa kwaya kabla hajazaliwa, aniache nijifunze mwenyewe, tukutane Ijumaa, siku moja kabla ya onyesho.

Basi kila nikitoka kazini Riverdale, kwenye nyumba ya wazee, nilipitia kanisani Langley Park, kwenye piano kuukuu. Huko ndiko nilikovurugwa akili. Ukurasa wa kushoto umeandikwa Secondo, yaani wa pili. Wa kulia, Primo, wa kwanza. Wa pili anatanguliaje? Halafu ule wa kushoto wote ni noti za chini, pom-pom-pom, kama mtu anayehamisha makabati. Ukivuka kulia, ghafla wimbo mtamu unaruka juu, wala hauhusiani na ulikotoka. Ukifunua karatasi, makabati tena! Nikadhani tutapokezana, kwa hiyo nikajifunza yote kwa mfuatano, ukurasa baada ya ukurasa, huku nikimlaani mtunzi.

Ijumaa saa kumi Anitha akaja kanisani. Nikampigia kazi yangu ya wiki tatu, mwanzo hadi mwisho. Hakucheka. Heri angecheka.

"Dad," akasema taratibu, "hizi page mbili zinapigwa same time. Left ni yako. Right ni yangu."

"Na wimbo je?"

"Uko kwangu."

"Yaani mimi kazi yangu ni pom-pom?"

"Secondo ni mtu wa kukaa kushoto, Dad. Ndiyo hivyo tu."

Damu ikanichemka. Nimeongoza kwaya ya watu arobaini kwa kinanda, leo niwe msindikizaji wa mtoto! Nikachukua jaketi, nikamwambia atafute mtu mwingine, nikijua fika kwamba onyesho ni kesho na mtu mwingine hayupo.

Hakunibembeleza. Akaanza kupiga ukurasa wake peke yake. Nilipofika mlangoni, wimbo ukakatika. Nikageuka nikidhani amekosea, au analia. Wapi! Mikono yake ilikuwa juu ya piano, macho kwenye karatasi, midomo inahesabu mapigo. Kumbe pale yeye ananyamaza, na kinachotakiwa kusikika ni zile pom-pom zangu.

Niliona aibu, aibu ya kweli, na hasira ilikuwa haijaisha. Nikarudi na jaketi mkononi. Nikaketi kushoto kwake, nusu naelewa, nusu sielewi, nikaanza noti za chini. Nilikuwa nimechelewa sana kuingia. Anitha akaanza kuhesabu upya, akanisubiri.